Kigae ubavuni mwa seredani: umeme wa joto la jikoni na hesabu zake

Fundi mmoja wa redio pale Mwanakwerekwe, Unguja, alinionesha kigae cheupe cha seramiki, sentimita nne kwa nne, chembamba kama biskuti, kikiwa na nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Alikibana baina ya kipande cha alumini kilichogusa ubavu wa seredani na kopo lililojaa maji baridi, na baada ya dakika chache kitaa kidogo kikawaka. Tulifurahi, lakini maji ya kopo yalipoanza kutoa mvuke kitaa kikafifia, fundi akayamwaga na kutia mengine. Ubishi kuhusu jenereta ndogo za joto, yaani kama vigae vya namna hii vinaweza kuzipa nyumba umeme kutokana na moto wa jikoni, umo katika kufifia huko, ingawa wengi wanaobishana huangalia moto tu na kulisahau kopo.

Mwaka 1821 mwanasayansi Thomas Johann Seebeck aligundua kwamba metali mbili tofauti zikiunganishwa, na kiungo kimoja kikapashwa moto huku kingine kikibaki baridi, sindano ya dira iliyo karibu hucheza. Yeye alidhani ni sumaku, kumbe ulikuwa umeme unaopita. Ndani ya kigae cha fundi wetu zimepangwa jozi nyingi za vipande vya mchanganyiko wa elementi za bismathi na teluri, nazo hazizalishi umeme kwa sababu ya joto lenyewe, bali kwa tofauti ya joto baina ya uso mmoja na wa pili. Uso wa moto ukiwa nyuzi 250 na wa baridi 50, tofauti ni 200. Maji yakikaribia kuchemka na uso wa baridi ukafika 90, tofauti hushuka hadi 160. Nguvu hufuata mraba wa tofauti hiyo, kwa hivyo zaidi ya theluthi moja ya umeme hupotea wakati moto haujapungua hata kidogo. Katika kisiwa ambacho hewa yenyewe ni ya joto mwaka mzima, upande wa baridi ndio wenye taabu.

Wanaoutetea umeme huu wana hoja nzito. Mwaka 2008 Unguja ilikaa karibu mwezi mzima bila umeme, kisha kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 tukakaa gizani miezi mitatu, kwa hitilafu katika njia ya umeme unaotoka bara kwa waya wa chini ya bahari. Mitaa ilijaa ngurumo za jenereta za petroli, na aliyezitumia anakumbuka kelele, foleni ya mafuta, na hatari ya moshi wake, ambao una hewa ya sumu isiyo na harufu na huua mtu aliyelala chumbani. Tena jenereta hiyo nayo ni chombo cha kugeuza joto kuwa umeme, na si hodari kama tunavyodhani: lita moja ya petroli ina joto la takriban kilowati-saa 9, lakini mashine ndogo hutoa kilowati-saa moja au moja na nusu, iliyobaki ikaishia kwenye bomba la moshi. Kigae hakina kelele, hakina oili ya kubadilisha, hakina kinachozunguka ndani yake. Vyombo vya anga vya Voyager, vilivyorushwa mwaka 1977, vimeendeshwa miongo mingi kwa kanuni hii hii, moto wao ukiwa joto la plutoniamu, metali ya nyuklia.

Hesabu za jikoni, hata hivyo, hazina huruma. Kigae cha aina hii hugeuza takriban asilimia tano ya joto linalopita ndani yake, na mara nyingi chini ya hapo. Jiko la BioLite la Marekani, lililotengenezwa kwa kazi hii hasa, hutoa wati 3. Mama akipika kwa saa tatu atapata wati-saa 9, ilhali betri ya simu kubwa ya siku hizi hutaka takriban 19. Paneli ndogo ya sola ya wati 10 juu ya bati huleta wati-saa 40 kwa siku ya jua, bila kuni wala kopo. Wapo wanaosema wachemshaji dagaa wa pwani, wenye moto mkubwa na maji ya bahari ya kupozea, ndio wateja wa asili. Mimi nasema penye jua la kuanikia dagaa pana jua la sola, na chumvi ingeila alumini mapema.

Jenereta nzuri ya joto kushindwa na kifaa rahisi zaidi kumeshatokea. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Philips ya Uholanzi iliunda jenereta ya kubebeka ya wati 200 hivi, yenye injini ya hewa moto aliyoibuni Robert Stirling mwaka 1816, ili kuwasha redio mahali pasipo umeme. Ilifanya kazi vizuri na kwa utulivu. Kisha zikaja redio za transista, zikatosheka na betri kavu, na ile jenereta ikakosa kazi.

Kwa maoni yangu, swali la kuuliza ni umeme upi unaotakiwa wakati uleule moto unapowaka, maana huo hauhitaji betri wala haushindani na jua. Jibu ninaloliona ni feni ya jiko lenyewe. Feni ndogo hutosheka na wati moja, husukuma hewa motoni, na moto unaopata hewa ya kutosha huunguza moshi wake badala ya kumpa mpishi machozi na kikohozi.

Fundi wa Mwanakwerekwe ameachana na kitaa. Amefunga feni aliyoitoa kwenye kompyuta mbovu, hewa yake ikipita kwanza kwenye mapezi ya alumini yaliyo nyuma ya kigae, ikayapoza, ndipo iingie chini ya makaa. Kopo la maji halihitajiki tena. Ila feni haizunguki mpaka jiko lipate moto, kwa hivyo kila asubuhi mkewe huanza na pepeo la ukindu.