Niite Nyar Taita

Kila nikirudi kwetu Wundanyi, kwenye milima ya Taita, likizoni hakosi mtu wa kuniuliza, mlangoni pa kanisa, kama kweli mimi ni mmishenari. Hana ubaya. Mmishenari anayemjua yeye ni mzungu wa kwenye picha za zamani, kofia kichwani, sanduku la dawa mkononi. Mimi nilipanda basi Voi, nikabadilisha Nairobi, nikaamka Kisumu na kitambulisho kilekile, shilingi zilezile, Rais yuleyule. Ugeni uko wapi hapo?

Na hiyo ndiyo hoja iliyonileta huku mikono mitupu. Kamati iliyonituma ilikuwa imemwandaa kijana mwingine aliyekwenda nje ya nchi: chanjo, semina, hata mtu wa kumpigia simu akielemewa. Mimi nilipewa Biblia, nauli na maombi. "Wewe si unabaki Kenya?" Kilomita karibu 700 zikafutwa kwa swali moja.

Joto nililizoea, ingawa mtoto wa milimani hulizoea akinung'unika. Malaria ya kwanza ilinilaza siku tano, nikafikiri nakufa. Majirani wakaniletea uji na kunishangaa, maana kwao malaria ni mgeni anayejulikana hadi mlango anaoingilia. Hayo yalipita. Kilichonishinda ni Kiswahili changu mwenyewe.

Nilidhani lugha ndiyo silaha yangu. Nilimwamkia bibi mmoja shikamoo, akacheka, akaukamata mkono wangu akautikisa mpaka bega likauma. Nilipohubiri walinisifu: "Kiswahili yako ni ya redio kabisa." Ilinichukua muda kuelewa kwamba redio mtu huisikiliza huku akichambua mboga. Maombi yalipoanza kuwa ya kweli, mama mwenye mtoto hospitalini aliposimama kulia, alimlilia Nyasaye, Mungu, kwa Dholuo, lugha ya Waluo, na wote wakamfuata huko. Mimi mwinjilisti nikabaki nimefumba macho nikisema "amina" mahali nisipopajua.

Basi nikakimbilia simu. Wamarekani watatu wa kanisa la Friends, yaani Quaker, walioanzisha misheni ya Kaimosi, huku huku magharibi, mwaka 1902, Hotchkiss, Hole na Chilson, walikuja reli ikiwa imefika ziwani Desemba tu ya mwaka uliotangulia. Barua ya nyumbani waliingoja wiki na wiki. Nilikuwa nikiwahurumia. Siku hizi sina hakika. Mwaka wangu wa kwanza, ikifika saa mbili usiku niko na mama kwenye video, namwonyesha chandarua, ananionyesha kimanga alichopika. Nilijua nani kauguliwa Mgange na ng'ombe wa nani kazaa, lakini sikujua jina la mtoto wa jirani yangu wa ukuta mmoja hapa mtaani Manyatta. Mwili ulikuwa Kisumu. Mimi mwenyewe sikuwa nimefika.

Kuna mmishenari mmoja wa zamani ninayemfikiria zaidi ya hao. Mwaka 1906 Waadventista walifungua kazi Gendia, karibu na Kendu Bay. Ukiuliza nani aliyeianzisha utatajiwa Arthur Carscallen, Mkanada. Hakuwa peke yake. Alikuja na Peter Nyambo, mzaliwa wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Carscallen angalau ugeni wake ulionekana kwa macho, kila mtu akamsamehe. Nyambo je? Mweusi kama wenyeji, na lugha yao haijui. Sidhani kuna aliyemwambia pole kwa umbali. Mimi namwambia, nimechelewa miaka mia na zaidi.

Sasa nifike kwenye lile jina. Tangu mwezi wa kwanza akina mama wa kanisa waliniita Nyar Taita, binti wa Taita. Nilichukia. Nilifua nao, nikabeba viti vya mikutano nao, nikajifunza kusema oyawore, salamu ya asubuhi, bila kigugumizi, halafu bado wananikumbusha kwamba mimi si wa hapa? Nikaenda kumlalamikia mchungaji. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamwita mke wake kutoka jikoni. "Huyu amekaa kwangu miaka 30, amenizalia watoto sita. Muulize wanamwitaje." Mama akajibu huku akifuta mikono: "Nyar Alego."

Wiki ile kulikuwa na matanga Seme, nikaenda na masikio mapya. Nyuma ya nyumba, kwenye moshi, nilisikia: Nyar Gem, sufuria iko wapi? Nyar Ugenya, punguza moto. Nyar Taita, kuni! Waluo hawaoi ndani ya ukoo wao, kwa hiyo mama wa kila dala, yaani kila boma, ametoka kwingine, na anakotoka ndiko kunakompa jina hadi nywele ziwe mvi. Pale jikoni hapakuwa na mwenyeji hata mmoja. Wanawake waliolibeba lile boma lote ni wageni, na hakuna anayetaka wasahau walikotoka. Nilileta kuni. Siku hiyo sikuhubiri, na nadhani ndiyo siku niliyoanza kazi.

Ndiyo maana sikubaliani na mafundisho tunayopewa sisi tunaotumwa: choma daraja, sema hapa ndipo nyumbani sasa, geuka mwenyeji. Hapa Kisumu ukisema hivyo watu wanakutazama kwa mashaka. Nyumba ya kupanga mjini kwao ni ot, nyumba tu. Dala ni kule mtu atakakozikwa. Mtu asiye na dala ni wa kuhurumiwa, au wa kuogopwa. Nilipoacha kujitia Mkisumu na kusema wazi kwamba kwetu ni Wundanyi, kwamba baba amezikwa pale chini ya mgomba, ndipo wazee walipoanza kuzungumza nami kama mtu mzima.

Watanitajia Ruthu wa kwenye Biblia. "Watu wako watakuwa watu wangu." Vizuri, ila wasome wasiishie sura ya kwanza. Ruthu alifika Bethlehemu, akaokota masazo, akapendwa, na hata sura ya nne Boazi anapomtwaa mbele ya wazee wa mji, bado anamtaja "Ruthu, Mmoabi". Nyar Moabu! Na ni huyo huyo aliyekuwa bibi ya babake... sasa nimejichanganya, kwa kifupi, Daudi ni kitukuu wake.

Jina hilo lina mwiba wake pia, sitalipamba. Nyar fulani kwa kawaida ni mke wa mtu, kwa hiyo likitajwa tu, swali la pili ni mume yuko wapi. Nina miaka 34 na sina. Kuna matanga ninayotoka mapema kwa sababu ya swali hilo.

Kwa kamati zinazotuma watu ndani ya nchi hii ninalo ombi moja kubwa: lipieni mwalimu wa lugha miezi sita ya kwanza, kabla ya kuuliza wameokoka wangapi. Na mtu akiomba likizo ya kwenda kwao, msimwandikie barua ya kumkumbusha neno la Yesu juu ya mkono ulioshika jembe na macho yanayotazama nyuma. Mimi niliandikiwa. Ninayo bado.

Desemba iliyopita nilipokuwa nafunga mizigo, Nyar Alego aliniletea mfuko wa omena, vile visamaki vikavu vya ziwani, wa kumpelekea mama. Mfuko ule ulinukia basi zima mpaka Voi, nikaona haya. Nikarudi Kisumu Januari. Jioni moja mama akapiga simu, kaushika mfuko mbele ya kamera.

"Hizi dagaa zako nizifanye nini?"

"Si dagaa, mama, ni omena. Loweka kwanza kwenye maji ya moto, zitoke mchanga na uchungu. Halafu uzikaange kavu mpaka zilie, ndipo utie kitunguu."

"Nani amekufundisha?"

Nikamgeuzia simu Nyar Alego, aliyekuwa ameketi pale pale kwangu, wasalimiane.