Mfupa wa ng'ombe kwenye taya la mjomba

Mjomba wangu anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Jino lake moja la mbele, la juu, lilipasuka hadi kwenye mzizi, na daktari wa meno hapa Mwanza akamshauri ling'olewe na kupandikizwa papo hapo: jino linatoka, skurubu ya metali ya titani, ya kubeba jino la bandia, inaingia kwenye tundu lile lile, siku hiyo hiyo. Mjomba hakubisha. Kilichomkwamisha ni kichupa chenye chengachenga nyeupe, mithili ya chumvi ya mawe. "Huu ni mfupa wa ng'ombe, mzee wangu," daktari akasema. Mjomba akauliza: "Kachinjwa na nani?"

Tulicheka, ila mimi nilirudi nyumbani na swali jingine: kwani chenga zenyewe ni za lazima?

Skurubu ni nyembamba kuliko mzizi uliong'olewa, hivyo hubaki uwazi kati yake na ukuta wa mbele wa mfupa; chenga ni za kujaza uwazi huo. Ukuta huo, kwenye meno ya mbele ya juu, mara nyingi haufiki hata milimita 1. Sehemu yake iliishi kwa sababu jino lipo. Jino likiondoka, unanyauka. Waliodhani kwamba skurubu ikiwahishwa itauzuia usinyauke walikatishwa tamaa na majaribio ya watafiti Araújo, Lindhe na wenzao kwa mbwa, mwaka 2005: ukuta ulishuka vile vile.

Wanaosema usijaze kitu wana hoja. Uwazi ukiwa chini ya milimita 2 na kuta zote zikiwa nzima, damu iliyoganda humo hugeuka mfupa yenyewe, na skurubu hushika vizuri tu. Kichupa nacho kinaagizwa nje na bei yake inauma. (Inachekesha kidogo: Usukuma umejaa ng'ombe, halafu mfupa wa ng'ombe tunauagiza kwa gramu.) Lakini hapa ndipo mjadala unapopotea njia. Chenga haziwekwi hasa ili skurubu ishike. Zinawekwa ili fizi isibonyee. Kwa jino la nyuma, nani ataona? Kwa jino la mbele la mtu anayeongea na wateja kutwa, fizi ikishuka kila mtu ataona.

Sasa chenga zipi? Mfupa wa mgonjwa mwenyewe una chembe hai, wala hauna maswali ya dini, lakini mara nyingi unadai kidonda cha pili, na mwili huula mapema. Mfupa wa marehemu aliyejitolea hutumika sana Marekani. Mtajie mzee wa Kirumba uone uso wake. Madini ya kutengenezwa kiwandani hayana mnyama ndani yake, ila baadhi yake huyeyuka kabla kazi haijaisha. Utando unaopatikana kwa kuzungusha damu ya mgonjwa kwenye mashine ni wa bei nafuu na husaidia fizi kupona, lakini peke yake ni laini mno kushikilia umbo.

Wa ng'ombe hulaumiwa kwa jambo moja: haumaliziki. Miaka inapita, chenga bado zinaonekana, na wapo madaktari wasiotaka kuuita mfupa. Kwa tundu la jino la mbele, mimi naona lawama hiyo ndiyo sifa yake. Tunataka kitu kisichoondoka upesi.

Swali la mjomba lina jibu nusu. Mfupa huo huchomwa na kuoshwa mpaka yabaki madini matupu, na wapo wanazuoni wanaosema kitu kikigeuka kabisa, hukumu yake nayo hugeuka. Wengine hawakubali. Na kuna chenga za nguruwe pia sokoni, kwa hiyo kuuliza si ushamba.

Daktari alipima: uwazi ulizidi milimita 2. Mjomba akaomba kichupa, akavaa miwani, nikamtafsiria lebo neno kwa neno hadi tulipofika kwenye jina la mnyama. Akarudisha kichupa mezani. "Haya daktari, choma ganzi."

Chenga zilichanganywa na damu yake mwenyewe, zikawa kama mchanga mbichi wa ufukweni, zikasukumwa taratibu kwa kijiko kidogo kuliko ukucha.