Mabuti ya Kasigau

Mabuti yale nilikuwa nayo tangu 2016. Niliyachagua kwenye robota la mtumba: ngozi nzito, ndani maneno ya Kijerumani, soli nene kama mkate wa mofa. Muuzaji akaniapia kwamba yatanizika. Nikayavaa mara moja tu, chumbani mpaka sebuleni, kisha nikayatia kwenye mfuko wa nailoni (enzi hizo mifuko haijapigwa marufuku), nikakaza fundo, nikayapandisha juu ya kabati. Mabuti kama yale huyavai kwendea Marikiti kununua bamia.

Basi shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akaja na wazo. Jumapili twende Kasigau, tupande asubuhi, tushuke alasiri, usiku tulale Mombasa. Mimi ni mtu wa Majengo. Mwinuko ninaoujua ni ule wa kutokea feri ya Likoni, na hata huo huwa nasimama katikati kujifanya napokea simu. Lakini utamwambiaje kaka wa mkeo kwamba mlima unakutisha? Kabla ya magharibi habari ishafika kwa mama mkwe, tena imetiwa chumvi.

"Mabuti ninayo," nikamwambia.

Saa nane na nusu usiku niko jikoni. Mke wangu amelala, ameniachia mahamri na bakuli la mbaazi. Nikatafuta cha kufungia. Nikapapasa kabatini gizani, nikavuta leso iliyokuwa juu kabisa, nikafunga, nikatoka.

Alfajiri ilitukuta Mackinnon Road, tukaswali kwenye ule msikiti wa kando ya barabara, alikozikwa Seyyid Baghali. Shemeji akanisimulia kisa chake kana kwamba mimi sikukulia Pwani: jinsi wakati wa kujenga reli karai lake la mawe lilivyokuwa likielea juu ya kichwa, lisimguse. Nikaomba kimoyomoyo begi langu nalo lifanye hivyo hivyo. Lilikuwa na lita tano za maji, mahamri, mbaazi na chupa ya chai. Halikuelea.

Maungu tukakata kushoto, tukala vumbi mpaka Rukanga. Kijana wa kutuongoza alikuwa mwembamba kama ufito, miguuni amevaa akala za tairi. Wallahi nilimwonea huruma. Yeye akayatazama mabuti yangu kwa muda.

"Mapya?"

"Ya siku nyingi, ila hayajavaliwa."

"Aa," akasema.

Hiyo "Aa" ningeisikiliza vizuri, nisingekuwa na kisa cha kusimulia.

Kasigau ni mita 1,641. Mwanzo unakuchekea, vichaka vya miiba na njia ya kawaida, halafu unasimama wima kama ukuta. Baada ya kama saa moja nikahisi nakanyaga uji. Nikadhani ni magoti. Shemeji, aliyekuwa nyuma yangu, akaniita.

"Shemeji, unadondosha kitu."

Nikapapasa mifuko. Simu ipo, pesa zipo. Akainama, akaokota kibonge cheusi, akakinusa, akakifikicha kikawa unga.

"Ni wewe," akasema.

Nilipogeuka, njia nzima nyuma yangu ilikuwa na vibonge, kama mtu aliyetoboka gunia la makaa. Punde soli ya kulia ikaachama mdomo. Kila hatua, pa! Kila hatua, pa! Kijana akauliza kama turudi. Nikamwambia turudi kwa sababu gani?

Tukaingia kwenye msitu wa juu, ule wa ukungu, miti imevaa kuvu na mizizi inateleza kama sabuni. Hapo soli ya kulia ikaamua kubaki. Niliiacha juu ya mzizi, imejikunja kama papa mkavu. Ya kushoto haikukawia kumfuata mwenzake. Nikabaki na ngozi ya juu, maridadi kabisa, inang'aa, na chini yake kitambaa chembamba kama cha kuchujia tui.

"Tuna nini cha kufungia?" akauliza kijana.

Nikafungua mahamri. Mchana ule ndipo nilipoiona leso kwa mara ya kwanza. Shemeji akaiona pia.

"Hii si ile doti niliyomnunulia dadangu Idi?"

Sikujibu. Alikaa kimya kidogo, akatoa kisu, akaikata katikati mwenyewe, uso kama mtu aliye mazikoni. Nikafunga kila mguu, fundo juu ya kifundo. Kijana akainama kukagua kazi yetu, akaanza kusoma. Mguu wa kulia: MDHANIAYE NDIYE. Wa kushoto: KUMBE SIYE.

Alicheka mpaka akakaa chini.

Kileleni tulifika. Niliyoyaona ni ukungu, majani na mgongo wa shemeji. Akataka kunipiga picha; nikamwambia aanzie magotini kwenda juu.

Kushuka ndiko kulikoniua, nusu kwa miguu na nusu kwa makalio. Nikaanza kulalamika kwa sauti. Kijana akanieleza taratibu kwamba mwaka 1915 Waingereza waliwasomba watu wa Kasigau wakawapeleka Malindi, eti wamewasaidia Wajerumani. Kisha akaniangalia miguuni.

"Wewe nao, Wajerumani wamekufanyia nini?"

Fundi viatu wa mtaani kwetu hakuhitaji hata kuyashika. Soli za aina ile, akasema, huoza zenyewe kwa joto na unyevu, na mimi nimezifungia kwenye nailoni miaka yote hiyo, Mombasa hii! Ningeyavaa, hata kwendea bamia, huenda yangeishi zaidi.

Mke wangu hakugomba, na hilo ndilo lililonitisha. Alivifua vile vipande viwili, akavipiga pasi. Kakake, alipoulizwa, akasema yeye alikuwa mbele na hakuona kitu. Kipande cha MDHANIAYE NDIYE sijui kilikokwenda. Cha KUMBE SIYE kimepindwa vizuri, ndicho cha kushikia sufuria, na kinaning'inia kwenye msumari ulio mkabala na kiti changu cha kulia.