Kapteni Gosset alimfungia mbunge mnarani, sasa lawama ni yake au ya waliomtuma?

Ukisoma habari za Charles Bradlaugh, yule mbunge wa Northampton aliyezuiwa kuapishwa kwa sababu alikuwa haamini Mungu, utakuta wanatajwa yeye na Gladstone, waziri mkuu wa wakati huo, basi, ila aliyepewa kazi ya kumtoa ukumbini hatajwi kabisa. Huyo ni Kapteni Ralph Gosset, ofisa wa jeshi wa enzi za Malkia Victoria ambaye aliacha jeshi akaingia utumishi wa Bunge pale London, na kuanzia 1875 mpaka 1885 ndo alikuwa mpambe mkuu wa Bunge la chini. Cheo chenyewe sisi hatukishangai, hata Dodoma unamuona mpambe anatangulia na siwa Spika akiingia, tumerithi kwao. Gosset alivaa koti jeusi, suruali fupi za magotini na upanga kiunoni, ungesema anaenda kwenye sherehe, lakini Bunge likisema mkamate fulani basi anakamata kweli.

Tarehe 23 Juni 1880 akaambiwa amkamate Bradlaugh, maana jamaa kaambiwa atoke kagoma. Akachukuliwa akafungiwa kwenye chumba cha mnara wa saa, uleule wa Big Ben, akalala humo, kesho yake wakamwachia. Mwaka uliofuata, Agosti 3, ndo ilikuwa balaa, akajaribu kuingia kwa nguvu, wahudumu na polisi wakamzoa mpaka nje koti likachanika, na wakati huo wafuasi wake wamejaa hapo nje wanasubiri, angewapa ishara tu sijui ingekuwaje, ila hakuwapa.

Sasa wanaomtetea Gosset wana hoja, tena nzito. Mpambe hana kura. Hachagui nani aapishwe. Ukitaka mtumishi wa Bunge aanze kupima oda za Bunge, hii naitekeleza hii siipendi, umeshampa madaraka ambayo hakuna mwananchi aliyempigia kura ayapate. Na ndo maana waliwapenda wanajeshi kwa kazi hii, aliyekuwepo kabla yake, Lord Charles Russell, naye alitoka jeshini. Mtu wa jeshi hachukulii ugomvi binafsi. Februari 1881 waliposimamishwa wabunge wa Ireland zaidi ya 30 kwa siku moja, ilibidi watolewe mmoja mmoja, hebu fikiria kazi hiyo angepewa mtu wa hasira.

Upande wa pili ni huu. Julai 1883 Bunge likapitisha azimio kwamba Gosset amzuie Bradlaugh asikanyage ndani mpaka aahidi hatavuruga shughuli. Bradlaugh akamshtaki Gosset mwenyewe, akasimama kortini bila wakili, akasema sheria ya viapo ya 1866 inanitaka niape, na huyu ananizuia nisiitii sheria. Februari 1884 majaji wakamtupilia mbali. Jaji Stephen akasema mambo ya ndani ya Bunge mahakama haiyaingilii, hata kama Bunge limeikosea sheria, ni sawa na jaji aliyekosea ambaye hukumu yake haina rufaa. Mi hapa ndo nakwama. Wapiga kura wa Northampton walishamrudisha 1881, wakamrudisha 1882, na 1884 hiyohiyo baada ya hukumu wakamrudisha tena, na mlango bado umefungwa. Kama korti haiingilii na kura haifungui mlango, mwananchi aende wapi?

Halafu kuna kitu kinanichekesha kidogo, Bradlaugh naye alikuwa askari, ila askari wa chini, wa farasi, na ilibidi alipe hela ndo aruhusiwe kuacha jeshi, wakati huohuo vyeo vya uofisa vilikuwa vinanunuliwa waziwazi mpaka 1871. Kwa hiyo picha ya kapteni kumtoa nje askari wa kawaida ilikuwa na harufu ya tabaka ndani yake, hata kama Gosset mwenyewe hakuwa na chuki yoyote.

Mi namwona Gosset hana hatia ya uamuzi, ule ni wa wabunge, ila ustaarabu wake uliwarahisishia sana. Wangelazimika kumsukuma mwenzao kwa mikono yao wenyewe, sidhani kama ingefika miaka mitano. Na isisahaulike, Jaji Stephen huyohuyo aliweka mpaka, kwamba jinai ya kawaida ikitendwa ndani ya Bunge haiepuki mkono wa sheria, yaani oda ya Bunge haimkingi mpambe kwa kila kitu. Bradlaugh aliapishwa Januari 1886, Spika Peel alikataa tu kusikiliza pingamizi, ikaisha kwa dakika chache, bila sheria mpya wala hukumu mpya. Kumbe siku zote hizo Spika angeweza kuimaliza, na Gosset aliachiwa mlango aulinde.