Je, Riwaya za Upelelezi za Skandinavia Zinasema Kweli Kuhusu Nchi Zao?

Kwa Watanzania wengi wa rika la wazazi wangu, nchi za Skandinavia zilijulikana kwanza kwa misaada. Mwaka 1963, Denmark, Finland, Norwe na Uswidi zilishirikiana kuanzisha huko Kibaha mradi wenye shule ya sekondari, kituo cha afya na chuo cha wakulima, mradi ambao baada ya kukabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970 ulikuja kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Olof Palme, waziri mkuu wa Uswidi, alikuwa rafiki wa Mwalimu Nyerere na mtetezi wa vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika. Mtu aliyekua akisikia habari hizo hujijengea taswira ya nchi tulivu, zenye usawa na ukarimu, na ndiyo maana hushtuka anapofungua kwa mara ya kwanza riwaya ya upelelezi iliyotoka huko. Wazee wameuawa kikatili shambani mwao, wakimbizi wamechomewa makazi, familia tajiri imeficha ukatili wake kwa miongo kadhaa, na mpelelezi mwenyewe ni mtu aliyeachwa na mkewe, asiyelala vizuri na anayekunywa kupita kiasi.

Ipi kati ya sura hizo mbili ndiyo ya kweli? Wapo wasomaji wanaoamini kwamba riwaya hizi ni kioo safi kuliko hotuba yoyote ya balozi, kwa sababu zimeandikwa na wenyeji kwa ajili ya wenyeji, na mtu hamwongopei ndugu yake kuhusu nyumba wanayoishi wote. Wapo pia wanaosema kwamba ukosoaji wa jamii ndani ya riwaya hizi ni vazi tu, na kwamba chini ya vazi hilo kuna biashara ileile ya zamani ya kuuza damu na hofu. Mimi ni mpenzi wa riwaya hizi kwa miaka mingi, na hata hivyo hoja ya kundi la pili naiona nzito kuliko wapenzi wenzangu wanavyokubali.

Madai ya kusema kweli hayakubuniwa na wauzaji wa vitabu. Yalikuwa nia ya waasisi wenyewe. Maj Sjöwall na Per Wahlöö, wenzi wa Uswidi waliokuwa wafuasi wa Umarksi, waliandika pamoja riwaya kumi kuanzia mwaka 1965 hadi 1975, mwaka ambao Wahlöö alifariki dunia, na riwaya zote kumi zikabeba kichwa kidogo kimoja kinachozitaja kuwa riwaya ya uhalifu. Uhalifu waliokusudia haukuwa mauaji yaliyomo kitabuni peke yake, bali pia kile walichokiona kuwa usaliti wa dola ya ustawi wa jamii, yaani dola inayoahidi kumtunza kila raia, kwa wafanyakazi na wanyonge wake. Mpelelezi wao, Martin Beck, si mtu wa kustaajabisha: tumbo linamsumbua, ndoa imepoa, na sifa zake kubwa ni ukaidi, utulivu na kufikiri kwa mpangilio. Kutoka kwao ndiko alikochipukia Henning Mankell wa Uswidi na mpelelezi wake Kurt Wallander mwaka 1991, Arnaldur Indriðason wa Iceland, Jo Nesbø wa Norwe, na wengine wengi ambao tangu mwaka 1992 wamekuwa wakiwania tuzo ya Ufunguo wa Kioo, inayotolewa kila mwaka kwa riwaya bora ya upelelezi ya nchi za Kaskazini mwa Ulaya.

Pingamizi la kwanza ni la hesabu. Iceland ina watu wasiofika 400,000, na kwa miaka mingi mauaji yake yamekuwa wastani wa watu wawili hivi kwa mwaka, kiasi kwamba mwandishi mmoja akitoa riwaya mbili mfululizo anaweza kuumaliza mgawo wa taifa zima. Ystad, mji mdogo wa bandari kusini mwa Uswidi ambako Wallander anafanya kazi, ungekuwa miongoni mwa miji ya kutisha zaidi Ulaya kama yaliyoandikwa yangekuwa yametokea. Badala yake, watalii huenda huko kwa furaha wakitafuta mtaa anaoishi mpelelezi ambaye hakuwahi kuzaliwa. Kisha kuna desturi ya Wanorwe ya kusoma hadithi za jinai wakati wa Pasaka, iliyoanza mwaka 1923 baada ya tangazo la riwaya kuhusu kuporwa kwa treni ya Bergen kuchapishwa ukurasa wa mbele wa gazeti la Aftenposten, likaonekana kama habari ya kweli, na baadhi ya wasomaji wakaingiwa na wasiwasi. Hadi leo familia hupanda milimani kwenye vibanda vyao zikiwa na vitabu vya mauaji, na hata pakiti za maziwa huchapishwa visa vifupi vya upelelezi msimu huo. Mpinzani ana haki ya kuuliza: kifo kinachosomwa kando ya moto, theluji ikiwa nje na likizo ikiendelea, kinamfundisha nani ukweli gani kuhusu jamii?

Nakubali hesabu hizo, lakini sikubali hitimisho lake. Uchache wa mauaji ndio unaozifanya riwaya hizi ziwezekane. Mahali ambapo watu wengi hufa kwa jeuri na faili zao zikafungwa kabla hazijafunguliwa sawasawa, hadithi ya kikosi kizima cha polisi kinachohangaika na maiti mmoja ingeonekana ndoto. Riwaya ya kwanza ya Sjöwall na Wahlöö inaanza na mwili wa mwanamke ulioopolewa kwenye mfereji wa Göta, karibu na mji wa Motala. Hana nguo, hana kitambulisho, na hakuna mtu aliyeripoti kupotea kwake. Beck na wenzake wanatumia miezi kujua jina lake tu. Wanagundua kwamba alikuwa Roseanna, mkutubi kutoka Lincoln, Nebraska, kisha wanaanza kukusanya picha zilizopigwa na abiria wa meli aliyosafiria, abiria ambao wameshatawanyika katika nchi mbalimbali, wakizitazama moja baada ya nyingine ili wamwone tena akiwa hai. Zaidi ya nusu mwaka unapita kabla ya kesi kufungwa. Kinachonifanya nisiweke kitabu chini si kifo chenyewe. Ni dola inayokataa kumsahau mgeni asiyejulikana na asiye na ndugu wa kupiga kelele kwa niaba yake.

Sisi tuliolelewa na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, ambaye tangu riwaya yake ya kwanza ilipochapishwa mwaka 1960 amekuwa akiwaduwaza wasomaji, kiko mdomoni na Najum pembeni, tunajua raha ya aina nyingine. Bwana Msa hulifumbua fumbo kwa akili yake, akalieleza mbele ya wote, na mambo yakarudi mahali pake. Beck hana akili ya aina hiyo. Ana faili, ana simu, ana wenzake waliochoka, na jibu linapopatikana halimrudishii mtu usingizi. Ningekosea kusema kwamba njia moja ni bora kuliko nyingine, maana kila moja imetoka katika desturi yake ya kusimulia. Lakini ile ya Kaskazini ndiyo inayoifanya subira ya kazi ya umma kuwa jambo la kusisimua, na sijui ni aina gani nyingine ya riwaya inayofanya hivyo kwa ustadi ule.

Indriðason aliipeleka subira hiyo mbali zaidi katika riwaya yake ya mwaka 2001 iliyotafsiriwa kwa Kiingereza na kushinda tuzo kuu ya Chama cha Waandishi wa Riwaya za Jinai cha Uingereza mwaka 2005. Mtoto mchanga anaonekana kwenye sherehe ya kuzaliwa akitafuna kitu, na kitu hicho ni mfupa wa binadamu uliookotwa kwenye mtaa mpya unaojengwa pembezoni mwa Reykjavík. Mpelelezi Erlendur angeweza kuagiza mtambo uchimbe na kumaliza kazi kwa siku moja. Badala yake wanaitwa wanaakiolojia, nao wanaondoa udongo tabaka kwa tabaka, siku kwa siku, huku msomaji akisimuliwa habari za mwanamke aliyeteswa na mumewe enzi za Vita Kuu ya Pili bila jirani wala mamlaka kumsaidia. Ardhi inachimbwa polepole kwa sababu mateso yale yalikuwa ya polepole. Hapa ukosoaji wa jamii si vazi, kwa maana ukiuondoa, hadithi nzima inaanguka.

Mahali ambapo pingamizi linanishinda ni kwenye miili ya wanawake. Stieg Larsson, mwandishi wa habari aliyetumia maisha yake kuchunguza makundi ya mrengo mkali wa kulia, alifariki mwaka 2004 kabla ya riwaya zake kuchapishwa. Ya kwanza, iliyotoka mwaka 2005, aliipa jina linalomaanisha wanaume wanaowachukia wanawake, na mwanzoni mwa kila sehemu akaweka takwimu kuhusu ukatili dhidi ya wanawake nchini Uswidi. Nia yake haina shaka. Hata hivyo, wachapishaji wa Kiingereza walilifuta jina hilo wakaweka la msichana na mchoro wa joka mwilini mwake, na kwa hiyo wanaume wakatoka kwenye jalada na mwili wa msichana ukaingia. Sisi tunaosoma vitabu hivi kwa Kiingereza tulipokea shutuma ikiwa imeshageuzwa kuwa kivutio. Wala lawama si ya wachapishaji peke yao, kwa sababu ndani ya kitabu mateso yanaelezwa kwa kirefu mno, na waliofuata nyayo zake walijifunza urefu huo kuliko walivyojifunza hasira yake. Mwaka 2018 ilianzishwa huko Uingereza tuzo ya riwaya za kusisimua ambazo ndani yake hakuna mwanamke anayepigwa, anayebakwa wala kuuawa. Waandishi wengi, wakiwemo wanawake, waliipinga wakisema kwamba kunyamazia ukatili hakuwasaidii wanaotendewa. Nawaelewa, nami nisingependa riwaya zinyamaze. Lakini Roseanna naye aliuawa kikatili, na ukurasa baada ya ukurasa waandishi wake wanashughulika na maisha yake, yaani alivyokuwa akifanya kazi, alivyosafiri, alivyopenda kuwa peke yake, huku mauaji yakichukua nafasi ndogo. Riwaya ambayo maiti wake anajulikana kwa majeraha tu imeshakiuka kanuni iliyoifanya aina hii ya uandishi istahili kusomwa.

Kanuni hiyohiyo inampima hata Mankell, ambaye ninampenda kuliko wote. Alifariki mwaka 2015 baada ya kuishi kwa miaka mingi nusu ya mwaka Uswidi na nusu Msumbiji, ambako aliongoza jukwaa la Teatro Avenida mjini Maputo. Hakuwa mtalii wa bara letu. Katika riwaya ya kwanza ya Wallander, mkulima mzee na mkewe wanashambuliwa nyumbani kwao, na mke, kabla ya kukata roho, anatamka neno linalomaanisha "kigeni". Neno hilo linavuja kwenye vyombo vya habari, kambi ya wakimbizi inachomwa moto, na Msomali aliyeomba hifadhi anauawa kwa risasi. Aliyetaka kuona chuki dhidi ya wageni ikichemka chini ya utulivu wa Uswidi aliiona humo mapema kabisa.

Asiyeisoma anisamehe kwa ninalolisema sasa, maana uchambuzi hauwezi kulikwepa: mwishoni wauaji wa wazee wale ni wageni kweli. Wapo wanaoona kwamba hapo Mankell alibomoa alichokijenga, akawapa wabaguzi haki. Mimi naona alikuwa na ujasiri zaidi ya wakosoaji wake, kwa sababu chuki haihalalishwi na kosa la mtu mmoja, na hoja inayosimama tu pale mgeni anapokuwa malaika si hoja ya kutegemewa. Ninalomlaumu ni jingine. Maisha ya mkulima yule yanafukuliwa yote: utajiri wake wa siri, mwanamke wake wa siri, mtoto asiyetambuliwa, fedha alizopata wakati wa vita. Wallander anawasaka pia wauaji wa Msomali na anawapata, na kwa hesabu ya polisi deni limelipwa. Lakini alikotoka mtu huyo, aliyoyaacha nyuma, alivyokuwa akipitisha siku zake za kusubiri kambini, hayo yanapewa nafasi ndogo mno. Beck na wenzake walikesha na picha za meli hadi mkutubi wa Nebraska akaonekana tena akitembea sitahani, na kila ninaporudi kwenye riwaya ile ya Mankell huwa natafuta ukurasa wa namna hiyo kwa ajili ya Msomali yule.