Kozi mpya vyuoni: jina au maudhui?

Mwaka 1961 chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza na kitivo kimoja tu, cha sheria. Uamuzi haukuwa mgumu. Udaktari na kilimo vilikuwa Makerere, uhandisi ulikuwa Nairobi, sheria haikuwa na pa kusomewa, na Tanganyika ilikuwa inaingia kwenye uhuru ikiwa na wanasheria Waafrika wa kuhesabu kwa vidole.

Siku hizi pengo hutafutwa kwa dodoso. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inataka chuo kionyeshe kwamba kozi mpya ina uhitaji, na kwenye makaratasi hilo ni jambo jema. Dodoso moja liliwahi kunifikia mezani: je, unaona kozi hii inahitajika nchini? Ndiyo au hapana. Nikaweka tiki kwenye ndiyo, kama ambavyo ningeiweka kwa kozi yoyote ile, maana haikunigharimu kitu. Lingeniuliza nitaajiri wahitimu wangapi na kwa mshahara gani, ningekaa nalo wiki nzima.

Tuangalie gesi. Baada ya ugunduzi wa gesi kwenye kina kirefu cha bahari ulioanza 2010 huko Lindi na Mtwara, vyuo vyetu, Dar es Salaam na Dodoma vikiwemo, vilikuja na shahada za mafuta na gesi. Vijana wenye alama nzuri za fizikia na hesabu wakazikimbilia. Mtambo wa kusindika gesi uliopangwa kujengwa Likong'o, Lindi, ukabaki kwenye meza ya mazungumzo zaidi ya miaka kumi.

Wanaotetea shahada hizo wana hoja, tena nzito. Mhandisi hapikwi kwa siku moja. Ukisubiri mtambo usimame ndipo uanze kufundisha, kazi zitachukuliwa na wageni, kisha tutalalamika bungeni kwamba wazawa wameachwa. Na fedha zikija, kama zile dola milioni 425 za mkopo wa Benki ya Dunia kwa elimu ya juu mwaka 2021, huwezi kuzilalia ukifundisha mtaala wa zamani.

Lakini nani anabeba hasara mradi ukichelewa? Si Seneti, kikao cha chuo kinachopitisha kozi. Ni mhitimu anayesoma tangazo la ajira serikalini linalotaka "Uhandisi Mitambo, Umeme au fani inayolingana", halafu anahangaika kuthibitisha kwamba yake inalingana. Ndiyo maana mimi naegemea kuweka maarifa mapya ndani ya shahada zinazojulikana: mtu asome uhandisi mitambo, mwaka wa nne achague masomo ya gesi. Gesi ikikwama, bado ana kazi kiwandani.

Njia hii nayo ina mwiba wake. Idara kongwe hulinda vipindi vyake, na somo jipya hupewa nafasi ya hiari ambayo hakuna mwenye muda wa kuifundisha. Nimeshaona shahada mpya ikianzishwa kwa sababu tu wahadhiri vijana walichoka kuomba nafasi kwa wakubwa wao. Siwalaumu.

Kinachonishangaza ni kwamba katika vikao vya mitaala nilivyokaa, ajenda ya kozi mpya haikosekani. Ajenda ya kozi za kufunga sijawahi kuiona.