Mwimbaji Kachelewa?

Mjomba wangu alipiga gitaa la ridhimu kwenye baa za Mwanza karibu miaka ishirini, kwa hiyo ukimwekea muziki usitegemee akusifie kwa adabu tu. Mwezi uliopita umeme ulikatika Bwiru, tukaenda kukaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba yake. Mwezi haukuwepo. Huko ziwani wavuvi wa dagaa walikuwa wameshawasha taa zao, utadhani kuna mji umehamia majini. Nikatoa spika yangu ndogo, nikaweka bendi ya Explosions in the Sky. Dakika ya kwanza mjomba alinyamaza. Ya pili akajikuna shingo. Ya tatu akaniuliza, "Mjomba, mwimbaji kachelewa?"

Nilicheka, ila swali hilo nimeulizwa mara nyingi mno. Kwa wengi wetu muziki usio na maneno ni wa kusindikiza kitu kingine: tangazo la benki, video ya harusi, ile sehemu ya redioni wanaposoma taarifa za msiba. Mimi nabisha. Na nabisha nikiwa hapa hapa Mwanza, mbele ya mtu aliyekula kwa gitaa.

Kwanza hao jamaa ni nani. Ni wanne, bendi ilianza Austin, Texas, mwaka 1999. Watatu wa magitaa, Munaf Rayani, Mark Smith na Michael James, walikulia Midland, mji wa visima vya mafuta magharibi mwa jimbo hilo, nchi tambarare isiyo na hata kilima cha kupumzishia macho. Wa nne, mpiga dramu Chris Hrasky, alitoka Illinois. Alikuwa amebandika tangazo la kutafuta wenzake, akaandika kwamba anatafuta bendi ya roki yenye huzuni na ushindi. Huzuni na ushindi kwa pamoja! Mtu angebandika tangazo kama hilo pale Kirumba, wangemwuliza kama ni bendi au kwaya ya maziko. Lakini miaka zaidi ya ishirini baadaye bado sijapata maneno bora ya kuwaeleza.

Mwanzoni walijiita Breaker Morant. Usiku wa tarehe 4 Julai 1999, sikukuu ya uhuru wa Marekani, walikuwa wanatoka kurekodi kwenye kituo cha redio cha KVRX, fataki zinalipuka juu yao, Hrasky akasema kitu kuhusu milipuko ile angani. Jina likapatikana hapo.

Wachambuzi wanauita muziki huu posti-roki, neno lililoenezwa na mwandishi wa Uingereza Simon Reynolds mwaka 1994, akimaanisha ala za roki zinazofanyishwa kazi isiyo ya roki. Jina halinisaidii sana. Linalonisaidia ni kusikiliza magitaa yanavyogawana kazi. La kwanza linashika noti mbili tatu za juu, safi, zikipita kwenye pedali inayozirudisha kama mwangwi wa mtu anayeita katikati ya mawe. La pili linajibu kwenye nafasi zilizoachwa. La tatu linakwaruza waya mmoja haraka haraka mpaka sauti inakuwa kama mvua kwenye bati. Dramu ya Hrasky inatembea kigwaride, taratibu, kisha yote yanapanda kwa pamoja. Kutoka kunong'ona mpaka kishindo inaweza kuchukua dakika sita.

Na hapa ndipo nilipomkamata mjomba. Nikamwuliza, nani aliwahi kulipa kiingilio kwa ajili ya ubeti wa pili? Wimbo wa dansi una maneno dakika tatu, halafu waimbaji wanasogea pembeni, sebene linaingia, hapo ndipo viti vinabaki vitupu. Mbaraka Mwinshehe tunamkumbuka kwa mashairi, sawa, lakini mshike mpiga gitaa yeyote wa rika la mjomba, atakutolea kwa mdomo solo zake noti kwa noti kabla hajakumbuka beti. Masikio ya kusikiliza vyombo vitupu tunayo siku nyingi. Tofauti ni kwamba sebene linakuta mwili uko tayari na linauinua papo hapo. Hawa wa Texas wanakukalisha chini, wanakusubirisha. Wengi wetu tunachoshindwa ni hicho kusubiri.

Kuna udanganyifu kidogo ndani yake, nikiri. Bendi isiyoimba inayabebesha majina ya nyimbo mzigo wote. Albamu yao ya mwaka 2003, The Earth Is Not a Cold Dead Place, ina nyimbo 5 tu, jumla kama dakika 45, na jina lenyewe ni hotuba nzima: dunia si mahali pa baridi palipokufa. Wimbo wa tatu unaitwa Six Days at the Bottom of the Ocean, siku sita chini ya bahari. Sidhani kama wale jamaa wamewahi kusikia jina Igoma, walikozikwa waliozama na meli ya MV Bukoba kwenye Ziwa Victoria. Lakini mtu aliyekulia Mwanza hawezi kulisoma jina hilo akabaki na bahari ya mbali. Mimi naona MV Bukoba, 21 Mei 1996, imepinduka, watu wangali ndani wanagonga bodi. Nilikuwa mdogo, niliyasikia kwa wakubwa waliokuwa wakiongea chini chini. Sasa kama wimbo huo ungekuwa na maneno, ungekuwa wa watu wengine, wa msiba wao. Kwa kuwa hauna, nikaingia na msiba wetu, na nafasi ikatosha. Ungeitwa Namba Tatu ningefika huko? Nadhani nisingefika.

Mara moja maneno yao machache yaliwaponza. Albamu ya mwaka 2001 ilitoka muda mfupi kabla ya tarehe 11 Septemba ikiwa na picha ya ndege na maneno kwamba ndege hii itaanguka kesho. Unaweza kukisia yaliyozushwa.

Umaarufu wenyewe uliletwa na filamu waliyoipigia muziki, Friday Night Lights ya mwaka 2004, kuhusu timu ya futiboli ya Kimarekani ya shule ya Odessa, jirani kabisa na Midland. Ni kazi nzuri, ila nailaumu. Baada yake kila mwenye kamera alitaka gitaa la namna ile chini ya picha ya jua likichomoza, na wao wenyewe wakaanza kujirudia: kimya, polepole, kishindo, kimya. Albamu ya mwaka 2007, All of a Sudden I Miss Everyone, naipenda nusu kwa sababu ya jalada lake, mtu yumo ndani ya mtumbwi na taa mkononi katikati ya mji uliofurika. Mvuvi wa dagaa kabisa. Lakini walipoivunja ile njia na kufupisha nyimbo kwenye The Wilderness, mwaka 2016, mashabiki wengi waliguna. Mimi nilishusha pumzi.

Usiku ule pale jiweni tuliusikiliza ule wimbo wa siku sita chini ya bahari mpaka mwisho. Taa za ziwani zilikuwa zimesogea kuelekea kushoto.

"Solo ni nani hapo?" mjomba akauliza.

Hakuna, nikamwambia. Wanapokezana.

"Wote watatu ridhimu?"

Karibu hivyo.

Akatikisa kichwa muda mrefu. Ukipiga ridhimu unarudia mstari mmoja nusu saa, jasho linakutoka, na anayetuzwa ni wa solo.

"Na hela wanagawana sawa?"